Nyumba ya Fuoni: mkopo wa riba au murabaha?

Ukitaka kununua nyumba Fuoni, Zanzibar, kwa fedha za benki, kuna njia mbili. Kwa mkopo wa riba, benki inakupa fedha, nawe unazirejesha na riba. Riba ikiwa ya kupanda na kushuka, marejesho hubadilika. Uzuri wake: ukilipa mapema, unaiepuka riba ya miaka iliyobaki, lakini angalia kama mkataba una faini ya kumaliza mapema.

Murabaha, njia ya benki za Kiislamu isiyo na riba, ni biashara. Tuseme benki inainunua nyumba kwa shilingi milioni 50, inakuuzia kwa milioni 84, unalipa 700,000 kwa mwezi kwa miaka 10. Bei haipandi tena. Lakini ukimaliza mapema, punguzo si haki yako mpaka benki ikubali, kwa hiyo liulizie kabla ya kutia saini.

Ada ndizo zinazowapiga watu wengi, na hapa njia zote mbili zinafanana: tathmini, wakili, usajili wa rehani, bima au takaful (bima ya Kiislamu). Ada ya asilimia 2 tu kwenye milioni 50 ni milioni 1, taslimu. Omba orodha ya ada hizo kwa maandishi kutoka benki mbili au tatu.

Mimi ningechagua murabaha, kwanza kwa ajili ya dini, pili kwa kujua deni langu lote tangu siku ya kwanza.