Programu ya ramani ninayotumia Dar: ukiandika "Nyerere" jiandae

Mimi napokea wageni na kuwazungusha mjini, kwahiyo hii programu ya ramani iko wazi kwenye simu yangu asubuhi mpaka usiku. Jina lake sitalitaja. Foleni inazijua vizuri sana, chochoro za Temeke na Buguruni inazo, na bando haili kivile. Hapo sina ugomvi nayo.

Shida ni majina. Andika "Nyerere" tu uone. Inakuletea uwanja wa ndege, barabara, daraja, chuo, ukumbi wa mikutano, viwanja vya maonyesho, vyote vimepangwa kwa herufi zilezile na kialama kilekile chekundu, hakuna kinachokwambia hiki ni chuo na hiki ni daraja mpaka ubonyeze kimoja kimoja. Mwenyeji anajiongeza. Mgeni aliyeshuka jana anaenda anakopelekwa.

Chukua mtu anayetoka airport kwenda Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Anatoka Uwanja wa Julius Nyerere, anaingia Barabara ya Nyerere (wazee bado wanaiita Pugu Road), pale Tazara anakata kushika Mandela, anashuka hadi Kurasini, anavuka Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, ndo anaingia Kigamboni chuo kilipo. Safari moja Nyerere nne na Mandela juu! Na chuo watu wanakiita Kivukoni, jina la tangu 1961, sasa ukiandika Kivukoni programu inakushusha upande wa mjini kwenye pantoni wakati chuo kiko ng'ambo ya maji. Mgeni wangu mmoja alishushwa hapo na mabegi yake na usaili unamsubiri ng'ambo, iliniuma sana maana alifuata ramani neno kwa neno.

Sabasaba nayo hivyohivyo. Kwenye mabango ni Viwanja vya Mwalimu J.K. Nyerere, Barabara ya Kilwa, lakini hakuna konda atakayekwambia hivyo, wewe andika Sabasaba utafika. Na mkutano ukiwa kwenye kile Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, hicho kiko katikati ya mji, mbali kabisa na Sabasaba, hakikisha kwanza kadi ya mwaliko inasema ukumbi upi. Hata airport yenyewe andika na namba ya jengo, Terminal 3 ya 2019 na Terminal 2 siyo mahali pamoja, ukiwa na haraka utalia.

Nje ya Dar ndo inazidi. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilikatwa kutoka Selous mwaka 2019, ni pori kubwa ajabu, programu inakuwekea alama katikati ya pori ambako gari halifiki. Wewe andika geti lako, mfano Mtemere. Na usichanganye na Bwawa la Nyerere kwenye mto huohuo wa Rufiji, lile ni la umeme, megawati 2,115, twiga hujaenda kuwaona kule. Anayetaka alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu aandike Butiama, yuko kule mkoa wa Mara na makumbusho yake ipo.

Mi sipingi jina kuwekwa kila mahali, Mwalimu anastahili na zaidi, napenda watoto wakikua wanalisikia kila kona. Ninachowaomba waliotengeneza hii programu ni kitu kidogo tu, jina likitokea litanguliwe na aina ya kitu, DARAJA, CHUO, HIFADHI, halafu wilaya chini yake, na yale majina ya mtaani kama Sabasaba na Pugu Road yaunganishwe na ya kwenye mabango. Nimeshawaandikia, bado kimya.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa foleni ipakueni, kwa Nyerere ongezeni neno la pili kabla ya kubonyeza tafuta.