Kampavani na wezi: nunua nini kwanza, na king'ora kiwe cha ngapi

Mtu akishapata kampavani, yaani lile gari la kulalia lenye kitanda, jiko na makabati ndani, swali lake la kwanza kuhusu ulinzi huwa hili: nifunge king'ora gani? Mimi king'ora ninacho na sijutii kukifunga. Lakini kwenye orodha yangu kimeshika nafasi ya tano, na kila nikiona mtu amemaliza fungu lote la ulinzi kwa king'ora peke yake roho inaniuma. Gari la kawaida likiibwa umepoteza gari. Kampavani ikiibwa umepoteza na kitanda chako, sufuria zako, makabati uliyoyapima na kuyakata kwa mikono yako, na pengine pasipoti.

Kabla ya kupanga vifaa, wajue wezi wenyewe. Kuna anayetaka gari zima. Kuna anayetaka kilichomo ndani tu: kompyuta, kamera, pochi. Na kuna wa vipande, anayelala chini ya gari na kukata masega ya ekzosi, yaani kile kichujio cha moshi, kwa sababu yana platinamu, paladiamu na rodiamu, au anayefungua paneli ya sola na baiskeli zilizoning'inizwa nyuma. Kifaa kinachomzuia mmoja kinaweza kisimguse mwingine kabisa. Muuzaji akikuambia "hiki kinalinda gari lote", muulize kinalinda dhidi ya yupi kati ya hao watatu.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Nilirudi matembezini jioni moja, nikaingiza ufunguo kwenye mlango wa dereva, ukazunguka bila kushika kitu. Nikainama. Chini ya mkono wa mlango palikuwa na tundu lisilozidi upana wa kidole, kingo zimepinda kwa ndani, rangi imebanduka na bati jipya linang'aa. Mtu alikuwa amepiga bisibisi pale akasukuma mtambo wa kitasa kutoka upande wa ndani. King'ora hakikulia hata mara moja. Kwenye gari lile, mlango ukifunguliwa kwa kitasa, king'ora hujizima chenyewe, na gari liliamini kwamba ni ufunguo uliozungushwa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili: washa king'ora kwa rimoti, kisha fungua mlango kwa ufunguo wa chuma. Kikinyamaza, umeshajua pa kuanzia.

Namba 1: kufuli linalofunika usukani wote

Halina betri, halina programu ya simu, halimhitaji fundi, na mwizi analiona akiwa bado nje, paji la uso limegusa kioo. Hapo ndipo wengi huamua kuendelea au kwenda kwenye gari la jirani.

Ila chagua aina. Lile la ufito unaokatiza usukani lina udhaifu ambao dukani hutaambiwa: mwizi hahangaiki na ufito. Anakata duara la usukani, ambalo ndani yake ni chuma chembamba kilichovikwa sponji na plastiki, analipinda kidogo, na ufito unatoka mzima bila mkwaruzo. Lile linalofunika duara zima halimpi pa kukata, na mkono wake mrefu unazuia usukani kuzungushwa. Ni zito, ni kubwa, na ukiwa safarini lazima ulitafutie mahali pa kulala. Langu liko nyuma ya kiti cha abiria. Pima kipenyo cha usukani wako kabla ya kulipa, kwa sababu kampavani nyingi zimejengwa juu ya magari ya mizigo kama Fiat Ducato, Ford Transit na Mercedes-Benz Sprinter, na usukani wake mara nyingi ni mpana kuliko wa gari dogo.

Kufuli la pedeli nalo linafaa, hasa la breki na klachi kwa pamoja, lakini halionekani kutoka nje. Mwizi ataligundua baada ya kuvunja kioo chako.

Namba 2: vitasa vya ziada milangoni

Hiki ndicho kinachomzuia mwizi wa vitu, na watu wengi wanakiruka. Vitasa vya kiwandani kwenye magari ya mizigo vinajulikana na wezi nje ndani: wapi pa kupiga, wapi pa kuvuta. Kitasa cha pili chenye ulimi wa ndoana, kilichofungwa mahali tofauti na cha kwanza, kinamlazimisha aanze kazi upya. Funga kwenye milango ya mbele, mlango wa kuburuta wa pembeni na wa nyuma. Ukiweza, ongeza bati la chuma nyuma ya mkono wa mlango, palepale tundu langu lilipokuwa.

Kuna jambo moja ambalo sikubali mtu alipuuze. Kitasa chochote kinachofungwa ukiwa umelala ndani lazima kifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Ndani ya gari hilo kuna gesi, kuna jiko, kuna mapazia na godoro. Moto ukianza una sekunde chache. Vile vitasa vinavyofungika kwa ufunguo kutoka nje peke yake ni vya gari lililoegeshwa bila mtu.

Madirisha ya sehemu ya kulala ni habari nyingine. Mengi ni ya plastiki yenye vikomeo vidogo, na mtu mwenye mtaimbo atayang'oa. Usiache kitu cha kumvutia kionekane, na pasipoti isilale garini.

Namba 3: imobilaiza ya pili, au swichi ya siri

Imobilaiza huzuia injini kuwaka mpaka itambue chipu iliyo ndani ya ufunguo. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya ya abiria kuanzia 1998, Australia ikafuata 2001 na Kanada 2007. Kama gari lako ni la zamani kuliko hapo, huenda haimo kabisa, na kwako namba hii inapanda hadi ya kwanza.

Hata gari jipya lisikupe usingizi mnono. Kwa gari linalowaka bila kuchomeka ufunguo, wezi wawili hufanya kazi pamoja: mmoja anasimama na antena karibu na mlango wa nyumba, mwingine karibu na gari, wanarefusha mawimbi ya ufunguo uliouning'iniza sebuleni, na gari linafunguka. Njia nyingine ni soketi ya fundi iliyo chini ya dashibodi, ambapo ufunguo mpya unaweza kusajiliwa kwa dakika chache. Ya tatu ilielezwa hadharani mwaka 2023 na wataalamu wawili, Ken Tindell na Ian Tabor, baada ya Toyota RAV4 ya Tabor kuibwa London. Wezi walifikia nyaya za taa ya mbele, wakachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya bluetooth, na kifaa kikaliambia gari kwamba ufunguo halali upo. Imobilaiza ya kiwandani ilitii.

Dawa yake ni kizuizi cha pili kisichotegemea ufunguo. Vipo vinavyotaka ubonyeze tarakimu za siri kwa vitufe vya usukani au vya madirisha kabla gari halijaondoka. Vipo vya kawaida kabisa: swichi iliyofichwa inayokata waya wa stata au pampu ya mafuta. Kwa dizeli za zamani angalia kinachokatwa. Injini hizo hazihitaji umeme wa kuchoma mafuta, kwa hiyo gari lililokatwa stata bado linaweza kusukumwa likawaka. Hapo swichi ikate waya wa valvu ya umeme inayopitisha mafuta. Na mwambie fundi asiweke swichi pale anapoweka za wateja wote, maana mahali pa mazoea siri yake haidumu.

Kama kampavani yako ni ya aina isiyochomekwa ufunguo, ihesabu hii kuwa namba 1 na kufuli la usukani liwe la pili. Nunua pia mfuko wa kuzuia mawimbi, kisha uujaribu: tia ufunguo ndani, sogea mlangoni, vuta. Mlango ukifunguka, mfuko huo ni wa kubebea sarafu.

Namba 4: treka

Treka, yaani kifaa kinachokuonyesha gari liko wapi, haizuii wizi. Inakusaidia kulipata gari, na hiyo ni kazi tofauti. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, mawimbi yake yanafika chini yakiwa dhaifu mno, na kontena la chuma au maegesho ya chini ya ardhi yanatosha kuyafunika. Kifaa cha bei ndogo cha kuvuruga mawimbi kinaweza kuyazima pia. Kwa hiyo tafuta treka inayoweza kupatikana kwa njia zaidi ya moja, iwe na betri yake ndani, na ikutumie ujumbe umeme wake unapokatwa.

Uliza inatumia mtandao gani wa simu. Kampuni kubwa za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, Australia ikafuata 2024, na treka zilizotegemea mtandao huo pekee zikanyamaza zikiwa zimefungwa vizuri kabisa ndani ya magari. Nunua ya 4G au zaidi.

Vile vitagi vidogo vya bluetooth kama AirTag ya Apple, iliyoanza kuuzwa 2021, ni nyongeza nzuri na vinaingia kwenye mshono wa godoro. Lakini vimeundwa kumwonya mtu anayefuatiliwa bila kujua, kwa hiyo simu ya mwizi inaweza kumwambia kwamba kipo. Gari likionekana kwenye ramani, wape polisi mahali lilipo. Usilifuate peke yako.

Namba 5: king'ora

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. King'ora kinafanya kazi pale tu palipo na mtu wa kusikia na wa kujali. Kwenye kambi yenye majirani watano waliolala mita chache kutoka kwako kina thamani kubwa. Kwenye maegesho ya mjini, watu hupita bila kugeuza shingo. Porini, kinawaamsha ndege.

Bado ninakipenda kwa sababu mbili: kinamharakisha mwizi wa vitu, na kikiunganishwa na simu kinaniambia mimi, hata kama hakuna mwingine anayesikia. Ukinunua, dai mambo haya. Kiwe na hali ya usiku, ambapo milango inalindwa lakini kihisi cha ndani kimezimwa, la sivyo utakiamsha mwenyewe ukigeuka kitandani. Kiwe na kihisi cha mwinamo, kwa mwizi anayeinua gari kukata masega au kulivuta. Siren yake iwe na betri yake yenyewe, maana waya wa betri ya gari ni kitu cha kwanza kukatwa. Na vihisi vya ndani virekebishwe: pazia linalopeperushwa na upepo wa tundu la paa linatosha kukipigisha kelele saa nane usiku, na baada ya mara ya tatu utakizima na hutakiwasha tena.

Piga hesabu ya betri pia. King'ora na treka vikila miliampia 30 kwa pamoja, ni 0.72 Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) kwa siku, yaani zaidi ya 43 Ah kwa miezi miwili. Betri ya 80 Ah imeshapita nusu. Gari linalokaa muda mrefu bila kuendeshwa linahitaji paneli ndogo ya sola au chaja ya kudumisha betri.

Namba 6: kufuli la gurudumu

Kwa gari lililoegeshwa miezi, ni zuri sana. Kwa safari za kila siku hutalifunga, najua, kwa sababu hakuna anayependa kupiga magoti kwenye matope kila jioni.

Cha kuacha dukani

Kuna vifaa vinavyouzwa kwa hofu ya wezi wanaopuliza gesi ya usingizi ndani ya gari ili waibe umelala. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kilishasema kwamba haiwezekani kumlaza mtu kwa kupuliza etha kupitia dirishani bila yeye kujua. Pesa hiyo nunua kigunduzi cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, inatoka kwenye jiko na hita yako mwenyewe, na inaua watu waliolala. Katika ving'ora vyote vinavyoweza kuingia kwenye kampavani, hicho ndicho ningefunga siku ya kwanza, kabla hata ya kufuli la usukani, na kitufe chake cha majaribio nakibonyeza kila ninapotandika kitanda cha usiku wa kwanza wa safari.