Weep Not, Child: kitabu chembamba, ugomvi mnene

Nianze na nyota ili tusizungushane: nne kwa tano. Kuna wenye wataona nimebana na kuna wenye wataona nimegawa bure, lakini ndo hivo hiki kitabu kilivyo, weka mezani watu wamekisoma uone, chai itapoa kabla wakubaliane kama Njoroge ni wa kuhurumiwa ama ni wa kuchapwa makofi.

Kwa wale hawajakutana nacho, ni riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ wa Thiong'o kuchapishwa, 1964, wakati huo bado anaandika kwa jina la James Ngugi, na aliiandika akiwa mwanafunzi pale Makerere. Ni nyembamba, ukipanda matatu ya Nakuru asubuhi na dereva asiweke miziki ya kupasua masikio, sehemu ya kwanza utakuwa umeimaliza kabla ufike. NB: nitasema mambo ya mwisho wa kitabu, kama hutaki kujua ruka.

Kinaanza na swali. Nyokabi anamuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule, kijana haamini masikio yake, alafu mama anamwekea masharti: sisi ni maskini, chakula cha mchana kama watoto wengine hutapata, na usije ukanitia aibu siku moja ukakataa kwenda. Basi. Kurasa mbili hivi na mzigo wa nyumba nzima ushawekwa kwa mabega ya mtoto, na yeye anaona amepewa zawadi. Baba, Ngotho, ana wake wawili na anafanya kibarua kwa mzungu anaitwa Howlands, kwa shamba lenye lilikuwa la babu zake mwenyewe. Kaka mmoja, Mwangi, alifia vita vya pili vya dunia, mwingine, Boro, alirudi lakini ni kama hakurudi, Kamau anasomea useremala. Jirani ni Jacobo, tajiri, ameruhusiwa kulima pareto wakati weusi wengine hawaruhusiwi, na binti yake ni Mwihaki. Alafu 1952 hali ya hatari inatangazwa na kila kitu kinaanza kubomoka.

Sasa ugomvi. Wanaokichukia wanasema Njoroge hafanyi kitu. Na ukweli ni kwamba ukihesabu matendo yake unapata machache sana. Kaka anaingia msituni, kinyozi wa mji wa Kipanga anauawa, mwalimu Isaka anapigwa risasi na wanajeshi njiani wakienda ibada, na huyu kijana kazi yake ni kusema kesho jua litawaka, nchi inanihitaji, nitasoma nije niwakomboe. Jamaa mmoja tunasoma naye vitabu aliniambia angetaka kuingia ndani ya kurasa amtingishe. Wengi kama yeye wanasema bora kitabu kingekuwa cha Boro, huyo ndo mwanaume, ana bunduki na ana sababu.

Mimi hapo ndo naachana nao. Kwanza, wanaomtaka Boro awe shujaa sijui kama walisoma vizuri yale mazungumzo yake na mwenzake huko msituni, anaulizwa haamini kitu chochote, anajibu hapana, kisasi tu. Na mashamba je? Anasema labda yatarudi, lakini amepoteza watu wengi aliowapenda mpaka ardhi yenyewe haimwambii kitu tena. Huyo ni mtu ameisha ndani. Ukimfanya yeye ndo mhusika mkuu unapata kitabu cha vita, na vitabu vya Mau Mau vyenye milio ya risasi viko vingi, hiki kinaangalia kitu kingine kabisa.

Pili, huyu mtoto angekuwaje tofauti? Kila mtu alimwambia kazi yake ni kusoma. Mama alimwambia. Kamau alimwambia wewe soma, mimi na mbao zangu tutasaidia kulipa. Akipita kuingia Siriana, shule ya sekondari, kijiji kinachanga, anaacha kuwa mtoto wa Ngotho anakuwa mtoto wa wote. Wewe kama umewahi kufanyiwa harambee ya karo unajua hio kitu, unapewa blanketi na sanduku na maombi marefu, na kutoka siku hio huruhusiwi kuchoka wala kukasirika wala kuuliza kama kweli vitabu vitasaidia. Kwa hivyo ule ulaini wa Njoroge haukutoka kwa kalamu dhaifu ya mwandishi, ulitengenezwa na watu wazima wote wa kile kijiji wakiwa na nia nzuri kabisa. Akivunjika wanavunjika naye. Hio mimi naona ni kali kuliko risasi zote za Boro.

Na hata akiwa mdogo Ngũgĩ anamwonyesha vizuri mno. Kuna mahali anamwona Mwihaki kwa mbali anakuja, yeye hana nguo za maana, amejifunga kipande cha kitambaa, na upepo unavuma. Anakata njia nyingine ili wasikutane, juu akijua vile upepo utainua hicho kitambaa. Hakuna hotuba ya umaskini hapo, hakuna mwandishi anakukumbusha ati hawa ni watu wa chini, ni mtoto na upepo tu. Ningekuwa nafundisha ningeanzia hapo na ningewacha maudhui yapumzike kidogo.

Lakini wanaofundisha wengi hawaanzii hapo, na nadhani nusu ya chuki ya hiki kitabu imetokea darasani. Watu walikisoma kama wanameza dawa, "jadili nafasi ya ardhi", "eleza sifa tano za Ngotho", alafu mtihani, alafu kitabu kinarushwa chini ya kitanda cha bweni. Ukimkuta mtu kama huyo saa hii ana miaka thelathini na kitu atakuambia bila kusita kinaboesha. Muulize ni wapi kinaboesha, hakumbuki hata jina la mke wa kwanza wa Ngotho (ni Njeri, by the way hata mimi humchanganya na Nyokabi nikisoma haraka).

Kama umekua na wazazi wanazeeka, msome Ngotho. Msahau Njoroge kidogo. Kuna usiku anawasimulia watoto vile ardhi ilitoka kwa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, na vile wazungu walikuja, na vile yeye alienda vita vya kwanza kurudi akakuta mashamba yamechukuliwa, na utabiri wa nabii Mugo wa Kibiro kwamba siku moja wageni wataondoka. Anasimulia kwa upole, anangojea utabiri utimie. Boro anasikiliza akiwa amenyamaza, alafu anauliza: inakuwaje unaendelea kumfanyia kazi mtu aliyekuchukulia shamba? Na kutoka hapo huyo mzee hapati tena amani ndani ya nyumba yake. Kila kitu anafanya baadaye, kumrukia Jacobo siku ya mgomo, kufukuzwa kazi, kufukuzwa hata mahali alikuwa amejenga kwa ardhi ya Jacobo, mpaka kwenda kukiri mauaji ya Jacobo hakufanya ili Kamau aachiliwe, mimi naona anajibu hilo swali la mtoto wake. Sijapata mtu amekisoma hiki kitabu akasema Ngotho ameandikwa vibaya, hata wale wanapeana nyota moja.

Pia zile kurasa Ngotho na Howlands wanatembea pamoja shambani, wote wawili wanaipenda ile ardhi, kila mmoja kwa sababu yake, mmoja anaona mali ya mababu anaichunga mpaka irudi na mwingine anaona kitu ameumba kwa mikono yake. Kuna wasomaji wanasema hapo Ngũgĩ amemwonea mzungu huruma kupita kiasi. Mimi nasema hapana, angemfanya shetani tangu mwanzo tungemsahau haraka, na venye anakuja kugeuka akishakuwa D.O., afisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni, na kufanya ile anafanya kwa mwili wa Ngotho, unajua kabisa ni mtu ulikuwa unamwelewa.

Kuna kile kipande cha Kamau na fundi Nganga. Watu wanasema kingetolewa, kinachelewesha stori. Kamau anaenda kujifunza useremala, baba amelipa, lakini Nganga hamwachii hata kushika randa vizuri, na mke wa Nganga kila saa anamwita ashike mtoto. Unasomea ufundi kumbe umeandikwa yaya! Kila mtu amewahi kupelekwa "atashment" anajua hio maisha. Na ni hapo Kamau anasema jambo ambalo kitabu kinalihitaji sana, kwamba mweusi mwenzako naye anaweza kuwa mkali kama mzungu, rangi pekee haitoshi. Bila hicho kipande huyo Jacobo anakuja kuwa msaliti wa ghafla tu. Na huyo huyo Nganga mchoyo baadaye ndo anampa Ngotho mahali pa kujenga akiwa amefukuzwa. Ati hicho ndo kitolewe?

Sasa ile nyota moja nimeitoa kwa nini. Haraka. Sehemu ya pili inakimbia kama mtu amesikia kafyu imefika. Miaka inarukwa kwa sentensi moja mbili, mtoto tulimwacha anasoma alfabeti ukigeuza ukurasa ni kijana anaenda sekondari, watu muhimu wanauawa na tunaambiwa tu kwa midomo ya wengine. Wanaotetea wanasema ndo vile imajensi ilikuwa, habari zilikuja hivo, asubuhi unaambiwa fulani hayuko. Sawa, kwa kinyozi na Nganga nakubali, hio inauma vizuri. Lakini mapenzi ya Njoroge na Mwihaki nayo yamefanyiwa hivo hivo, tunawaona kidogo, wanapotezana, wanaonana tena, na kila mara tunaambiwa wamekuwa karibu zaidi, sisi tulikuwa wapi?

Na Mwihaki anastahili zaidi ya hapo. Huyu ndo alimkinga Njoroge siku ya kwanza shuleni wakubwa wakimsumbua wakimwita njuka, yaani mgeni wa shule. Huyu baba yake anauawa na kaka ya mpenzi wake. Mwishoni kabisa Njoroge, karo hakuna, baba amekufa, Boro anangojea kunyongwa, amefukuzwa hata kazi ya dukani kwa Mhindi, anakuja kumwambia watoroke waende Uganda. Mwihaki anakataa. Ana mama wa kuangalia. Kuna wasomaji wanamwita moyo wa jiwe, ukisikia hio kwa mdomo wa mwanaume usishangae. Kwangu huyu msichana ndo mtu mzima pekee kwa hio mazungumzo, na ni ajabu kidogo kwamba kitabu cha kukua kinampa ukubwa mtu ambaye hatukupewa nafasi ya kuishi ndani ya kichwa chake. Ningelipa pesa nisome huo upande.

Lugha pia inagawa watu. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi fupi, na wale wanapenda mapambo wanasema ni insha ya mtoto wa fom two. Kwa sehemu ya kwanza mimi naona inafaa kabisa, ni macho ya mtoto. Kwa siasa za sehemu ya pili inakuwa kavu, nakubali. Mwandishi mwenyewe baadaye aliacha Kiingereza akaanza kuandika riwaya zake kwa Kikuyu, kwa hivyo hata yeye hio lugha hawakumalizana vizuri. Na kuna wenye wanakasirika kwamba jina la kitabu limetoka kwa shairi la Mmarekani, Walt Whitman. Hio kesi siingii, jina ni zuri.

Mwisho ndo kuna vita kabisa. Njoroge anachukua kamba ajinyonge. Mama anamtafuta gizani na kijinga cha moto, anamwita, na kijana anamfuata nyumbani. Njiani sauti ndani yake inamwambia wewe ni mwoga, na anakubali, ndio, mimi ni mwoga. Alafu anakimbia kuwafungulia mlango mama zake wawili. Wengine wanasema huo ni mwisho wa kukata tamaa, mwandishi amemdhalilisha kijana mpaka dakika ya mwisho. Wengine wanasema hapo ndo amekua, kwa mara ya kwanza amesema ukweli kuhusu yeye mwenyewe bila kuweka nchi nzima mbele. Niko na hawa wa pili, lakini nikimsikia mtu wa kwanza simkatizi, juu hio neno mwoga imebaki pale na kitabu hakiifuti.

Mambo ya kununua sasa. Ya Heinemann, ile ya African Writers Series, unapata mitumba ya vitabu mjini kwa bei ya chipsi, lakini fungua ndani kwanza, hizi za shule zimechorwa kalamu kila mstari na majibu ya mtihani yako pembeni, zingine kurasa za mwisho zimeng'oka. Kuna ya Penguin ni safi zaidi na bei yake pia ni safi. Na kama unamnunulia mtoto wa shule ya msingi juu umesikia ni kitabu cha mtoto na shule, soma kwanza wewe zile kurasa za Njoroge akihojiwa na Howlands, kuna koleo pale, na yaliyompata Ngotho ni mabaya zaidi. Fom wan kwenda juu ni sawa, lakini kuwa karibu, atakuwa na maswali.