Kipimo cha homosisteini: barafu safi, kaunta imeniudhi

Mama ana miaka 76, na metformini ya kisukari, dawa ambayo ikitumika muda mrefu yaweza kushusha vitamini B12, ameitumia zaidi ya miaka kumi. Alipoanza kulalamika ganzi miguuni, daktari akaandika vipimo vya folati (vitamini B9), vitamini B12 na homosisteini, kemikali ya kwenye damu ambayo hupanda vitamini hizo zikipungua. Tukaenda maabara moja Upanga, Dar es Salaam.

Nawasifu sana kwa barafu. Damu ikikaa kwenye joto bila majimaji yake kutenganishwa na seli, seli nyekundu huendelea kutoa homosisteini na jibu hupanda kwa uongo. Dada aliyemtoa Mama damu aliizamisha chupa kwenye barafu papo hapo, akaikimbiza kwenye mashine ya kuitenganisha. Alimwita "bibi" na kumshika mkono mpaka alipotulia. Niliguswa.

Majibu: homosisteini mikromoli 19 kwa lita, wakati kawaida haizidi 15 hivi. Folati nzuri (Mama na mchicha na maharage yake!), B12 chini.

Kaunta ndiyo iliyoniudhi. Walitushinikiza tulipie pia kipimo cha MTHFR, jeni inayousaidia mwili kutumia folati. Ni kweli, mwenye nakala mbili za badiliko la jeni hiyo liitwalo C677T, homosisteini yake huelekea kupanda, hasa folati ikipungua. Lakini kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara nakala mbili ni nadra, na folati ya Mama ilikuwa nzuri. Tiba ingebaki ileile: sindano za B12. Tena walitaka kutuuzia vidonge vya folati, bila kusema kwamba folati peke yake yaweza kuficha upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuharibika. Hilo alitueleza daktari.

Baada ya miezi mitatu nitamrudisha Mama palepale kurudia homosisteini. Cha jeni sitalipia.