Shali za Kashmir zilizotariziwa kwa mkono: ipi ununue kwanza

Ukienda Delhi kwa matibabu, ukizunguka Dubai au ukipita soko la Mutrah kule Muscat, utaonyeshwa shali na kuambiwa zote ni pashmina, yaani sufu laini ya mbuzi wa milimani. Muuzaji atavua pete, apitishe shali nzima ndani yake, wewe ubaki mdomo wazi. Usimlipe kwa ajili ya hilo. Kitambaa chochote chembamba hupita kwenye pete, hata hizi viskosi za mtandio wa kila siku. Kuchoma uzi nako kuna mipaka: harufu ya nywele zinazoungua itakuhakikishia kuwa ni sufu, ila ya kondoo na ya mbuzi zinanuka vilevile.

Anza kwa kuigeuza. Nyuma ya kazi ya mkono utaona mishono midogo isiyolingana, uzi unaoruka kutoka ua hadi ua, na hapa na pale fundo. Rangi za nyuma ni zilezile za mbele. Kazi ya mashine nyuma yake mara nyingi ina uzi wa rangi moja, aghalabu mweupe, umetandazwa sawasawa kila mahali, na ua la kumi ni lilelile la kwanza bila tofauti hata ya uzi. Ukiona mabaki ya alama za mchoro chini ya mishono, usilalamike. Mchoro hupigwa kwanza kwa muhuri wa mbao, kisha ndipo sindano ifuate.

Chaguo langu la kwanza si pashmina. Ni rafali, yaani sufu laini ya kondoo wa merino, yenye sozni pindoni. Sozni ni utarizi wa sindano, mwembamba sana, na huko Kashmir wengi wanaoufanya ni wanaume. Kwa pesa ileile, rafali yenye sozni nzuri inaishinda kwa mbali pashmina yenye sozni ya kulipua. Hubeba sindano vizuri, haichaniki ovyo, na hutasita kuivaa.

Ya pili ni pashmina yenyewe, kwa mwenye uwezo. Manyoya yake hutoka kwa mbuzi wa nyanda za juu za Changthang, Ladakh, kaskazini mwa India, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na unene wake ni kama mikroni 12 hadi 16 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ni laini mno, ndiyo maana kwa desturi husokotwa na kufumwa kwa mkono. Tangu 2008 pashmina ya Kashmir inalindwa kisheria nchini India kwa jina la mahali inapotoka, na zilizopimwa Srinagar, mji mkubwa wa Kashmir, hubandikwa lebo maalumu. Dai lebo hiyo. Muuzaji akikuuzia “pashmina halisi” kwa bei ya doti mbili za khanga, jibu unalo. Iliyotariziwa mwili mzima huweza kumchukua fundi zaidi ya mwaka, na bei itasema hivyo.

Ya tatu ni aari, inayoshonwa kwa ndoano badala ya sindano. Maua yake ni makubwa, mshono ni wa mnyororo, kazi huenda haraka na bei hushuka. Inapendeza juu ya koti kwa walioko Ulaya. Tila, yenye nyuzi za dhahabu, iache kwa harusi: nzito, na hunasa hereni. Kani, shali nyingine ya Kashmir, haimo kwenye mashindano haya. Maua yake yamefumwa, hayakutariziwa. Za mashine ziko mkiani, na si dhambi kuzinunua ilimradi ulipe bei ya mashine.

Shahtush usiiguse. Ili kupata manyoya yake lazima paa wa Tibet auawe, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1979. Forodha hawatasikiliza kwamba ilikuwa zawadi.

Kuvaa sasa. Shali ya sentimita 100 kwa 200 ikunje kwa urefu, uitupie bega moja, pindo la nakshi lining’inie mbele. Juu ya buibui jeusi hapo ndipo sozni inaonekana. Kwa baridi ya Njombe au Limuru ya Julai, ifunue yote, izungushe mabegani na ncha moja uirushe nyuma. Pini usiichome kwenye pashmina, itaacha tundu. Tumia bangili pana, upitishe ncha zote mbili. Wanaume wa Oman wamelimaliza hili zamani: vilemba vyao bora ni vya sufu hiihii, na vingi hutariziwa Kashmir, ndiyo maana kona yenye nakshi huachwa ionekane.

Pwani adui ni nondo na unyevu. Ifue kwa maji baridi na shampuu kidogo, usiikamue, ianike kivulini ikiwa imelazwa. Ihifadhi ndani ya kitambaa cha pamba, kamwe si mfuko wa nailoni, na ukiitoa kuipunga upepo, badilisha mikunjo.