Uzoefu wangu na sensa za joto: nilivyoitupa DHT11 nikahamia DS18B20

Wakuu mi sio injinia, mi nafuga kuku wa kienyeji hapa Dar na haya mambo ya Arduino, kale kabodi ka kompyuta unakokapangia programu kasome sensa na kuwasha vitu, nimejifunzia YouTube usiku, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeunguza vitu na kuozesha mayai.

Mashine yangu ya kwanza ya kutotolesha ilikuwa bodi la friji bovu, balbu mbili zile za zamani za moto, feni ya kompyuta, rilei (swichi inayowashwa na Arduino), Arduino Uno na DHT11, kale kasensa ka bluu kenye vitundu kanakokuja kwenye seti za kujifunzia. Kanapima joto na unyevu vyote viwili afu bei yake ya kutupa, nikajiona nimepatia maisha. Nikapanga trei moja, mayai 30, skrini inasoma 37 asubuhi mchana jioni, mi huyo nalala usingizi.

Siku ya 19 usiku nikasikia kifaranga analia. Sasa kuku anatotoa siku ya 21, hata bibi yangu asiyejua sensa anajua hilo, lakini mi nikafurahi kumbe msiba ndo unaanza. Walitoka sita, wawili kitovu hakijafunga, wengine wametoboa ganda wakafia hapohapo, yaliyobaki viza. Ndo nikachukua kichupa cha maji nikakifunga nikakiacha ndani ya mashine usiku kucha, asubuhi nikatumbukiza kile kipima homa cha mtoto, kikasoma 39 na ushee. Yai linataka 37.5.

Nikaja kusoma karatasi ya maelezo ya kiwandani ya DHT11, yani imeandikwa waziwazi kwamba inaweza kukosea digrii 2 juu au chini, na hii ya kwangu ilikuwa inatoa namba nzimanzima hata nukta haina. Kwa kujua chumba kina joto au baridi haina shida. Kwa yai digrii 2 ni jeneza. Siilaumu sensa, mi ndo nilinunua bila kusoma.

Nikahamia DS18B20, ile yenye kichwa cha chuma na waya mrefu ambayo unaweza kuitumbukiza kwenye maji. Hii inakosea nusu digrii tu kuanzia -10 mpaka 85, na inasoma mpaka vipande vidogo vya digrii. Waya zake ni tatu, mara nyingi nyekundu ni chanya, nyeusi hasi, njano data, na lazima uweke rizista (kile kijiti cha kuzuia umeme) ya kiloomu 4.7 kati ya data na chanya, usipoweka utahangaika siku nzima ukidhani umeuziwa mbovu. Kilichonifurahisha zaidi kila sensa inakuja na namba yake ya utambulisho kutoka kiwandani kwa hiyo unaweza kuning'iniza kadhaa kwenye pini moja ya Arduino, mi nikaweka tatu, juu, katikati na chini, ndo nikagundua trei ya juu ilikuwa na joto zaidi ya ya chini kwa karibu digrii moja na nusu, kumbe feni niliifunga vibaya tangu mwanzo.

Ila kuna feki nyingi sana sokoni, na kwa macho hutofautishi. Nilinunua tano Kariakoo, nikaponda barafu kikombe kizima nikaweka maji kidogo nikakoroga nikazitumbukiza zote, hapo inatakiwa isome sifuri. Nne zilikuwa ndani ya nusu digrii, moja ikasoma 1.8. Hiyo nikaifunga utepe mwekundu isije ikaingia kwenye mashine kwa bahati mbaya. Baada ya barafu nikazipima tena kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipima homa maana mayai hayakai kwenye sifuri. Na kama uko Arusha au Nairobi usijipimie kwa maji yanayochemka ukitegemea 100, huko juu yanachemka kabla ya hapo utasingizia sensa bure.

Kitu kingine hakuna aliyenitahadharisha. Sensa ikichomoka, ile laibrari ya DallasTemperature, yani programu iliyoandikwa tayari ya kusoma DS18B20, inakupa -127, na programu yangu ikaelewa kuna baridi kali ikawasha balbu moja kwa moja, bahati nilikuwa nyumbani nikasikia harufu ya plastiki. Tena kuna 85, hiyo ndo namba inayokaa kwenye DS18B20 ikitoka tu kuwashwa kabla haijapima, kwangu ilikuwa inatokea kila rilei ikigonga kwa sababu umeme ulikuwa unayumba, balbu inazima inawaka kama disko. Nikaitafutia rilei chaja yake pekee, na kwenye programu nikaandika ukiona -127 au 85 usiamini, zima balbu na piga kengele.

Kwa unyevu DS18B20 haikusaidii. Nilianza na DHT22 ile nyeupe, nzuri kuliko dada yake wa bluu, ila ya kwangu baada ya miezi mitano kwenye mvuke iliganda kwenye 99.9. Nikaagiza BME280, sensa nyingine inayopima na unyevu, nikaletewa BMP280, zinafanana kama mapacha ila BMP haipimi unyevu kabisa, inapima joto na mgandamizo wa hewa basi, isome kwa programu namba ya utambulisho ya chipu, ikijitambulisha 0x58 ujue umepigwa, BME inasema 0x60. Sasa hivi natumia SHT31, sensa nyingine ya unyevu, bei imechangamka kweli, lakini huu mwezi wa nane tangu niiweke haijanisumbua.

Trei ya mwisho wametoka 24 kati ya 30, siku ya 21 alfajiri. DHT11 ipo sebuleni, wanangu wanaipulizia mdomoni waone namba inapanda.