Bima ya nyumba niliyouziwa na benki: nyepesi kukata, nzito kudai

Bima ninayoieleza hapa ni bima ya nyumba ya makazi inayouzwa na benki iliyonipa mkopo wa ujenzi, kwa niaba ya kampuni ya bima ambayo sitaitaja, kwa kuwa shauri letu limekwisha na sina haja ya kulifufua. Niliikata mwaka 2021, nilipokuwa namalizia nyumba yangu ya Boko, Dar es Salaam. Ada ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwaka, na ilipoongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikawa 236,000, kiasi ambacho kwa nyumba ya vyumba vinne sikukiona kuwa kikubwa. Hati ilitoka siku hiyohiyo, na nilipoihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima niliikuta imesajiliwa. Inakinga moto, radi, wizi wa kuvunja, kupasuka kwa mabomba, mafuriko na tetemeko la ardhi. Kinga hii ya mwisho wengi huiona kuwa pambo la hati, ingawa waliokuwa Bukoba Septemba 2016 hawatasema hivyo. Kwa upande wa kuuza, basi, sina la kulaumu isipokuwa jambo moja ambalo siku ile sikulijali: karani alijaza shilingi milioni 100 kama thamani ya nyumba, kwa sababu ndicho kiasi nilichokopa, nami nikatia saini.

Mvua za masika ya mwaka 2024 ziliingiza maji ndani usiku, yakafika chini kidogo ya soketi za sebuleni na kuangusha ukuta wa uzio upande wa bondeni. Nilitoa taarifa kesho yake asubuhi, na siku ya nne akaja mtathmini hasara, kijana makini aliyevaa buti za mpira, akapima kwa futi ya chuma alama ya tope iliyobaki ukutani katika kila chumba, akagonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi kusikiliza vilivyoachia, na kufungua kila kabati la jikoni. "Mzee, milango hii msiitupe hadi niipige picha," aliniambia, na ushauri huo ulinisaidia sana baadaye. Kazi yake ilikuwa nzuri. Alikadiria hasara ya vigae, milango, makabati, lipu, rangi na nyaya za umeme kuwa shilingi milioni 21, nami sikuwa na ubishi. Uzio hakuuhesabu, akieleza kwa upole kwamba hati inataja nyumba pekee; hilo nalo nilikubali, kwa maana ndivyo lilivyoandikwa.

Barua ya kampuni ilichukua wiki saba. Ilisema nitalipwa milioni 12 na laki sita, na ikaambatanishwa na fomu ya kukiri kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kwamba sitadai tena. Binti wa dawati la madai alinipigia simu mara mbili katika juma lile akinihimiza nisaini ili fedha zitoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyelala miezi miwili kwenye nyumba yenye harufu ya tope anakuwa mwepesi wa kusaini, na nadhani wanaopiga simu hizo wanalijua hilo.

Hesabu yao ilisimama juu ya sharti la uwiano, ambalo limo karibu katika kila mkataba wa bima ya majengo. Maana yake ni kwamba ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya kujenga upya, nayo kampuni italipa sehemu ileile ya hasara, hata kama hasara yenyewe haijafikia kiwango cha bima. Wao waliweka gharama ya kujenga upya kuwa milioni 150, hivyo milioni 100 zangu zikawa theluthi mbili. Milioni 21 zikashuka hadi 14, kisha ikakatwa asilimia 10 ambayo kwa mkataba naibeba mwenyewe. Sharti ni halali, na saini ilikuwa yangu. Nilichotaka kujua ni hiyo milioni 150 imetoka wapi.

Niliomba ripoti ya mtathmini kwa simu nikaambiwa ni siri ya ofisi. Nilipoiomba kwa barua, nikitaja namba ya madai na kuuliza ni kifungu kipi cha mkataba kinachonizuia kuiona, ililetwa baada ya siku tisa. Ukurasa wa sita ulikuwa na mchanganuo: nyumba milioni 112, uzio milioni 16, banda la uani milioni 22. Uzio uleule uliokataliwa wakati wa kulipa ulikuwa umehesabiwa wakati wa kupima kama nimekata bima pungufu! Nikamwajiri mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi yake, kwa shilingi 900,000, athibitishe kwa maandishi thamani ya nyumba pekee, naye akaja na tarakimu isiyopishana sana na ile 112. Niliiambatanisha na malalamiko ya kurasa mbili, nikaeleza kwamba nisipojibiwa nitapeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mivutano ya namna hii. Sikulazimika kufika huko. Meneja alinipigia mwenyewe, akaniita kaka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hesabu ikarudiwa: milioni 18 na laki saba na nusu, ikatolewa asilimia 10, nikalipwa shilingi 16,875,000. Gharama ya mkadiriaji hawakunirudishia.

Je, naipendekeza bima hii? Kinga yake ni pana, ada yake ni nafuu, na mtathmini wao angefaa kupandishwa cheo. Kitengo cha madai ndicho kilichonivunja moyo, kwa kuwa sitaki kuamini kwamba tofauti ya zaidi ya milioni nne ilikuwa bahati mbaya ya kujumlisha. Nimeihuisha hata hivyo, kwa sababu mkopo unanilazimisha. Safari hii uzio na banda vimeandikwa kila kimoja kwa thamani yake. Karani, ambaye si yule wa mwanzo, alianza kujaza kwenye mstari wa thamani ya nyumba kiasi cha mkopo kilichobaki, milioni 71. Nikamwomba kalamu.